LORI LIKIKOSA NGUVU, PIMA RITANI KWANZA

Leo tunaweka jembe pembeni kidogo, tuzungumze juu ya lori.

Huenda ukasema, "Lori ni mambo ya dereva na fundi wake. Mimi kazi yangu ni kulima." Lakini hebu fikiri. Pale Katoro, na katika vijiji vinavyouzunguka mji huo mkoani Geita, mazao hutoka shambani kwa magurudumu. Mpunga na mahindi huenda sokoni kwa lori. Pamba hutoka ghala la chama cha msingi kwenda kiwandani kuchambuliwa kwa lori, na lori likichelewa, ghala hujaa na mizani husimama. Nanasi lililokwisha iva nalo halisubiri spea itoke Mwanza. Na malori hayo hayo tunayagombea na ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu.

Kwa hiyo lori linapokwama njiani, hasara haiishii kwa dereva. Kama kikundi chenu kina lori, bili ya gereji mtagawana. Kama mnakodi, gharama ya mwenye lori itarudi kwenu katika nauli ya gunia.

Sasa, uko ugonjwa mmoja wa malori ya dizeli ambao umekula fedha za watu wengi bure. Dalili zake ni hizi. Asubuhi lori linawaka kwa shida. Likiwa tupu kwenye tambarare linakwenda vizuri tu. Likipakiwa na kuanza kupanda mlima, linaishiwa pumzi, linakohoa, mwisho linazimika. Anaitwa fundi. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Pampu imekufa." Neno hilo ni ghali, maana pampu ya dizeli ni kifaa cha bei kubwa sana katika injini, na kuitengeneza barabara kunahitaji benchi maalumu la kupimia, si kazi ya chini ya mwembe.

Mara nyingi pampu haijafa. Ina njaa tu. Shabaha ya mazungumzo yetu leo ni hiyo moja: pampu isifunguliwe kabla ritani haijapimwa. Ritani ni ule mpira unaorudisha dizeli ya ziada kwenye tangi. Mafuta yanayopita humo ndiyo shahidi wa yote yaliyotokea njiani.

DIZELI HUPITA WAPI?

Wewe unayelima mpunga utaelewa upesi, kwa sababu njia ya dizeli inafanana na maji ya majaruba.

Dizeli hutoka tangini, ikavutwa na pampu ndogo ambayo mafundi huiita fidi pampu. Katika malori mengi ya zamani pampu hiyo imefungwa ubavuni mwa pampu kubwa, na ina kibonyezo cha kupampu kwa mkono. Kutoka hapo dizeli husukumwa kupita kwenye filta, ikaingia katika pampu kubwa, yaani injekta pampu. Pampu za namna hii zilianza kutengenezwa kwa wingi na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1927, na malori mengi ya zamani yanayobeba mazao yetu bado yanatumia za mpango huo huo.

Sikiliza jambo hili vizuri. Fidi pampu huleta dizeli nyingi kuliko ile inayochomwa. Lori la kati likiunguruma tu bila kwenda hutumia kama lita 2 za dizeli kwa saa. Ukigawa kwa dakika, ni kama vijiko viwili vya chakula tu. Lakini fidi pampu nzima inaleta mara nyingi zaidi ya hapo kila dakika. Ziada yote hiyo hupoza pampu kubwa, huondoa mapovu ya upepo, kisha hurudi tangini kwa njia ya ritani.

Mlangoni mwa ritani pana vali ndogo yenye springi. Vali hiyo ni sawa na mdomo wa jaruba, pale unapoacha maji ya ziada yatoke. Mdomo ukiwa chini mno, maji yote yanakimbia na jaruba halijai. Ukiuziba kabisa, maji yanapanda na kuvunja tuta. Ukiwa kwenye kimo chake, jaruba hubaki limejaa na ziada inatoka taratibu. Vali ya ritani hufanya hivyo hivyo: huizuia dizeli kidogo ili pampu kubwa ijae, na huiachia ile iliyozidi.

Presha inayotunzwa hapo si kubwa. Katika pampu nyingi za zamani ni kati ya bar 1 na 2 hivi, pungufu ya upepo wa tairi la baiskeli. Kipimo halisi cha lori lenu mtakipata katika kitabu chake, maana injini hazilingani. Usichanganye presha hii na ile iliyo kwenye mabomba ya chuma yaendayo kwenye nozeli. Huko ni bar 200 hivi au zaidi, na hapana mchezo. Mchirizi wa dizeli unaotoka kwenye bomba hilo au kwenye nozeli hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Usiukinge kwa mkono kamwe. Mtu akichomwa nao, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Anza na mambo yasiyo na gharama.

Kwanza, tazama moshi. Lori lisilo na nguvu huku linatoa moshi mweusi mzito, mara nyingi lina mafuta ya kutosha ila halipati hewa. Fungua filta ya hewa. Kwa vumbi la barabara zetu za kiangazi, utaikuta imejaa kama mfuko wa unga. Lakini lori linaloishiwa nguvu bila moshi wa maana, hilo lina njaa ya mafuta. Endelea.

Pili, fungua mfuniko wa tangi injini ikiwa inaunguruma vibaya. Ukisikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, na baada ya muda injini ikatulia, basi tundu la kupumulia la mfuniko limezibwa na vumbi. Lisafishe. Ugonjwa umekwisha, na hukutoa hata senti.

Tatu, fuata mpira wa dizeli kutoka tangini mpaka fidi pampu. Tazama kama umebonyezwa na chesisi, umekunjika, au umezeeka. Uko mpira unaoonekana mzima kwa nje, kumbe ndani umebanduka tabaka, na tabaka hilo hufunga njia kila injini inapovuta kwa nguvu. Mpira wa namna hii huwadanganya hata mafundi wazoefu.

UPEPO, ADUI ASIYEONEKANA

Kati ya tangi na fidi pampu, dizeli inavutwa, haisukumwi. Kwa hiyo pakiwa na ufa mdogo, injini ikitembea dizeli haidondoki nje, bali upepo ndio unaoingia ndani. Ndiyo maana dereva ataapa kwamba hakuna mahali panapovuja, naye hasemi uongo.

Dalili kubwa ya kuvuta upepo ni hii: lori linakwenda, lakini likizimwa kwa nusu saa halitaki kuwaka mpaka upampu kwa mkono. Upepo ulioingia umeiacha dizeli irudi tangini. Wengi walikumbuka jambo hili pale Busisi, zamani za foleni ya kivuko cha kwenda Kigongo. Dereva aliyezima injini kusubiri zamu yake, lori likiwa linavuta upepo, aliweza kuitwa apande akaanza kuhangaika na kibonyezo huku walio nyuma wakipiga honi. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa na foleni ile haipo tena. Lakini ugonjwa haukuondoka pamoja na kivuko, na lori kuzimika juu ya daraja si jambo la kutamani.

Upepo huingia wapi? Tazama viungio vya mpira, bakuli la kutenganisha maji, na hasa zile washa za shaba kwenye boliti zenye tundu katikati. Washa hizo zimetengenezwa ili zibonyee mara moja. Ukizirudisha zile zile kila unapofungua, siku moja zitakataa kuziba. Ni spea ndogo sana, zinunue mpya.

KIPIMO CHA RITANI

Sasa tufike kwenye shina la mambo. Kipimo hiki kinahitaji mpira unaoonyesha ndani, chombo kisafi cha plastiki chenye alama za lita, na saa. Zima sigara na moto wowote ulio karibu.

Zima injini. Fungua ritani pale inapotoka kwenye pampu kubwa, lakini vali yake iache mahali pake. Nozeli nazo zina bomba lao jembamba la kurudisha mafuta, hilo lisihusishwe hapa. Funga mpira wako kwenye vali, na ncha ya pili iingize ndani ya chombo chenye dizeli kidogo chini, ncha ikiwa imezama. Kumbuka pia kuziba ule mpira wa kwenda tangini vumbi lisiingie. Washa injini, iache iungurume dakika moja kamili. Tazama mambo mawili: mapovu, na kiasi cha dizeli kilichoongezeka.

Mapovu machache mwanzoni si kitu, huo ni upepo wa wakati wa kufungua. Yakiendelea bila kukoma, lori linavuta upepo. Rudi kwenye viungio.

Kisha rudia kipimo injini ikizungushwa kwa kasi. Dizeli inayorudi haitakiwi kukauka. Ikiwa polepole inarudi vizuri, na kwa kasi inakatika, basi umeukamata ugonjwa wa mlimani ukiwa umesimama gerejini. Injini inapotaka kingi, haipati.

Andikeni kipimo mlichopata kwenye daftari la lori. Kama hamna kitabu cha gari, pimeni siku lori likiwa zima, au pimeni lori jingine la aina ile ile lisilo na ugonjwa, mlinganishe.

SHAHIDI WA PILI: GEJI YA PRESHA

Ritani peke yake inasema mengi, lakini ikisimama pamoja na geji ya presha haibaki siri. Fundi afunge geji ndogo ya presha ya chini kati ya filta na pampu kubwa. Majibu yatakuwa mojawapo ya haya manne.

La kwanza: ritani kidogo na presha ndogo. Dizeli haifiki. Hamisha geji uifunge kabla ya filta. Kama hapo presha ni nzuri, basi filta imeziba, badilisha. Kama hapo pia ni ndogo, chukua dumu safi la dizeli, liinue juu kuliko fidi pampu, uilishe kutoka hapo kwa mpira mfupi. Lori likipona, ugonjwa uko kati ya tangi na pampu: mpira, chujio la ndani ya tangi, au upepo. Lisipopona, fungua fidi pampu. Mara nyingi ni vali zake ndogo zilizokwama uchafu, au springi iliyochoka, na hata ukilazimika kununua mpya, bei yake haikaribii ile ya pampu kubwa.

La pili: ritani nyingi na presha ndogo. Mdomo wa jaruba uko chini. Springi ya vali imelegea, au uchafu umeizuia isifunge. Na liko jambo jingine linaloonekana katika magereji yetu: vali ilipotea, fundi akaweka boliti ya kawaida yenye tundu. Kwa macho zinafanana. Lakini boliti ile haizuii kitu, mafuta yanakimbilia tangini, na pampu kubwa inabaki nusu tupu. Dawa ni vali halisi.

La tatu: ritani kidogo na presha kubwa. Njia ya kurudi imeziba au imebanwa. Puliza mpira wa ritani mpaka tangini usikie kama hewa inapita. Ukipita vizuri, vali ndiyo imekwama.

La nne: ritani nzuri, presha nzuri, mapovu hakuna. Hapo njia ya mafuta imeshinda kesi. Sasa ndiyo zamu ya nozeli kupimwa, na mwisho kabisa pampu kubwa, tena kwa fundi mwenye benchi.

MAGARI MADOGO NA MALORI MAPYA

Magari mengi madogo ya dizeli ya miaka iliyopita yana pampu ya duara. Hiyo nayo ina ritani, ambayo hutoka kwa boliti iliyoandikwa OUT. Ndani ya boliti hiyo mna tundu dogo sana lililopimwa. Boliti ya kuingizia mafuta inafanana nayo lakini tundu lake ni kubwa. Zikibadilishana wakati wa kufunga, gari litasumbua, na pampu nzima italaumiwa. Usikubali zichanganywe.

Malori mapya yenye kompyuta ni habari nyingine. Humo dizeli huwekwa kwenye bomba moja la pamoja kwa presha inayopita bar 1,000. Ile desturi ya kulegeza nati ya nozeli injini ikitembea ili kujua ipi haifanyi kazi, humo ni marufuku, inaweza kuua. Hata hivyo somo la ritani linabaki. Fundi wa magari hayo hupima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwa chupa ndogo zinazolingana. Chupa inayojaa upesi kuliko wenzake ndiyo inayoonyesha nozeli iliyolika.

TIBA ZA UONGO

Ndugu mkulima, mkatae tiba hizi mbili.

Ya kwanza ni kuziba au kubana ritani "ili gari lipate nguvu." Ni kweli kwamba lori lenye fidi pampu dhaifu linaweza kuchangamka kwa siku chache. Lakini umeziba mdomo wa jaruba. Presha inapanda, sili zinapasuka, na katika pampu zinazopata oili ya injini, dizeli huanza kupenya na kuchanganyika na oili. Dalili yake ni kwamba kipimo cha oili kinapanda badala ya kushuka, na oili inanuka dizeli. Ukiona hivyo simamisha lori mara moja. Oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kulinda beringi, na hapo hamtanunua pampu tu, mtanunua injini.

Ya pili ni kuongeza filta ndogo ya plastiki ya gari la petroli kabla ya fidi pampu. Unadhani unasaidia, kumbe unaiongezea pampu kazi ya kuvuta.

KINGA: DIZELI SAFI

Magonjwa mengi tuliyoyataja huanzia kwenye dumu. Katika ukanda wa machimbo, dizeli huuzwa pia kwa madumu kwa ajili ya pampu za maji na mashine za kusaga mawe. Dumu hilo jana lilibeba nini, hujui.

Ipo pia hila ya kuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Kwa sababu hiyo EWURA ilianzisha mpango wa kuwekea mafuta alama mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Elewa ni kwa nini: dizeli ndiyo inayolainisha vyuma vya ndani ya pampu. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi sawasawa, na pampu hulika kabla ya siku zake. Nunueni kituoni, mkadai risiti, na risiti iwekwe.

Mkiweka dizeli kwenye pipa, pipa liwe chini ya paa, lisiwe la bati lenye madini ya zinki kwa ndani. Pipa likisafirishwa, liacheni litulie siku nzima kabla ya kuchota, na mpira wa kuchotea usiguse chini kabisa, maana maji na uchafu hukaa huko. Jazeni tangi la lori jioni, si asubuhi. Tangi lililo nusu tupu usiku hupata umande kwa ndani, na umande ni maji. Asubuhi kabla ya kuwasha, dereva afungue skrubu ya chini ya bakuli la kutenganisha maji mpaka itoke dizeli tupu. Ni kazi ya dakika 2. Na msimu wa pamba usianze kabla filta ya dizeli haijabadilishwa.

KWA KIFUPI

Tazama moshi. Fungua mfuniko wa tangi. Fuata mpira. Tafuta upepo. Pima ritani kwa dakika moja, polepole na kwa kasi. Funga geji. Linganisha na daftari. Ndipo, na ndipo tu, mzungumze habari za pampu.

Katika mkutano ujao wa kikundi chenu, pitisheni jambo moja: lori likiugua, fundi alete kipimo cha ritani na cha presha, kikiwa kimeandikwa, kabla mweka hazina hajafungua mfuko. Fundi mwema hatakasirika. Atafurahi kupata mwajiri anayejua anachokilipia.

Mpaka hapo, ndugu mkulima, kazi njema, na mazao yako yafike salama.